Nyekundu na Buluu Ndani ya Pipa Moja

4 Machi

Mvua imeanza leo, na mimi nimeanza kuandika. Mtu wa maana huandika siku zake mwenyewe, asingoje wengine waje wamwandikie upuuzi. Nawajua watu wa mtaa huu. Wakipewa nafasi wataandika kwamba nilikuwa muuza sabuni. Muuza sabuni ni yule anayenunua katoni na kuzipanga dukani. Mimi natengeneza. Shule niliishia darasa la sita, kwa sababu mwalimu wa sayansi aliona namaliza maswali kabla yeye hajapata majibu, akaona bora tuachane kwa amani.

Stoo yangu iko nyuma ya nyumba: bati juu, saruji chini, mapipa manne ya plastiki, mwiko wa mti mrefu kuliko mimi. Humo nilibuni dawa ninayoiuza hospitali. Zamani wafanya usafi wa pale walikuwa wakiosha sakafu na vitanda kwa sabuni, wanasuuza, halafu ndiyo wanapitisha dawa ya kuua vijidudu. Kazi mara mbili, kama watu waliokosa shughuli. Nikamwambia Matroni, mkuu wa wauguzi pale, kwa nini uoshe mara mbili na mimi nipo? Nikachukua sabuni ya maji iliyo bora, nikachukua dawa ya vijidudu iliyo bora, nikavitia pipa moja. Unapomimina ile ya pili, mchanganyiko unageuka mweupe kama maziwa. Hapo ndipo najua umeiva. Matroni alipouona weupe ule alisema, "Hii inaonekana kabisa ina nguvu." Tangu hapo mtaa mzima unaniita Povu.

Nguvu yake siisimulii, watu husema napiga chuku. Ila kuna dereva aliniachia lori lake lililojaa lami, nikaliosha, akaja jioni akalipita. Nilimwita mara tatu. Akasema lile si lori lake, lake halikuwa na rangi.

Mpwa wangu, binti wa dada yangu, atakaa hapa mpaka mvua ziishe. Anamalizia tasnifu yake ya kemia, na kwangu kuna meza na umeme usiokatika ovyo. Mama yake ana uvimbe tumboni. Atapasuliwa mwezi ujao, hospitali hiyohiyo ninayoipelekea dawa. Nimemwambia dada asiwe na wasiwasi, pale kila anachokigusa kimepita mikononi mwangu.

9 Machi

Mvua. Bati linavuja juu ya pipa la tatu. Nimesogeza pipa.

12 Machi

Leo nilimkuta mpwa wangu mbele ya kompyuta anaangalia kitu kama kiazi kilichopakwa rangi na mlevi. Upande mwekundu, upande buluu, katikati kijani na manjano.

"Hicho ndicho unachosomea miaka yote?" nikamuuliza. "Viazi?"

"Hii ni molekuli, Mjomba. Yaani, ramani yake."

"Ramani ya kwenda wapi?"

Akacheka. Alikuwa bado anacheka na mimi siku hizo, na naandika siku hizo kana kwamba ni zamani, wakati ni leo. Sijui kwa nini.

Akavuta kiti. "Molekuli imezungukwa na elektroni, sivyo? Na elektroni zina chaji hasi. Lakini hazikai sawasawa. Kuna mahali zimejazana, kuna mahali zimepungua. Sasa chukua chaji moja ndogo, chanya. Ipitishe juu ya molekuli nzima, polepole, kama mtu anayepapasa ukuta gizani. Kila mahali unaiuliza: hapa unavutwa au unasukumwa? Inapovutwa tunapaka nyekundu, maana hapo elektroni zimejaa. Inaposukumwa tunapaka buluu. Kijani ni pale isipojali."

"Na ukishapaka?"

"Ukishapaka unajua nani atamfuata nani. Nyekundu ya huyu itatafuta buluu ya yule. Kabla hujamwaga hata tone, umeshaona watakapogusana."

Jambo lilinipendeza, na sikutaka lionekane limenipendeza. Nikamwambia hilo nililijua zamani, ila sikuwa na rangi.

15 Machi

Kwa kinyozi leo niliwaeleza ramani za umeme wa molekuli mpaka kinyozi akasahau upande mmoja wa ndevu zangu. Niliwaambia fikra ni yangu, mpwa wangu ananisaidia upande wa kuandika. Halafu nikawapaka wote. Kinyozi ni kijani, hajali chochote. Mwenye nyumba wake ni nyekundu tupu, kila chenye thamani kinajiona kinavutwa kwake. Fundi baiskeli akauliza, "Na wewe Povu una rangi gani?" Nikamwambia mimi ndiye ninayeshika brashi. Wakacheka. Najua wakinicheka na najua wakicheka nami, na leo ilikuwa nusu kwa nusu.

20 Machi

Leo nimetukanwa ndani ya stoo yangu mwenyewe.

Mpwa wangu aliingia stoo na mwavuli kuja kunichukua, mvua imeshika kweli. Nilikuwa namimina dawa kwenye pipa la sabuni. Maziwa yakatoka, mazuri, mazito. Nikamwambia atazame kazi ya mjomba wake. Hakutazama kama mtu anayesifu. Akainama, akachota kidogo kwa glasi, akaitazama kwenye mwanga wa mlango.

"Mjomba, umechanganya nini na nini?"

Nikamtajia. Akaomba nimwoneshe maandishi ya kwenye madumu niliyonunulia. Akayasoma, akaingia ndani bila mwavuli. Nilipomfuata alikuwa ameshaviweka viazi viwili kwenye kompyuta, kila kimoja na mkia mrefu wa kijani.

"Hii ni sabuni yako. Ona kichwa chake."

Kichwa kilikuwa chekundu kama kaa la moto.

"Na hii ni dawa yako ya vijidudu."

Kichwa buluu, buluu ya kuiva.

"Si vizuri?" nikasema. "Wamependana."

"Ndiyo tatizo. Wanakumbatiana. Huo weupe unaouona ndio wao, wameshikana mpaka wanashindwa kukaa ndani ya maji." Akaweka kidole kwenye ile buluu. "Ngozi ya kijidudu nayo ina wekundu. Dawa hii inaua kwa sababu kichwa chake buluu kinamvamia kijidudu, kinamng'ang'ania, mkia unamtoboa. Sasa wewe umeikutanisha na sabuni kwanza. Mikono yake imejaa. Hana mkono wa kumshikia kijidudu tena."

"Unataka kusema dawa yangu haiui?"

"Inanukia vizuri, Mjomba. Kuua, sidhani."

Nikamwambia miaka mitatu hospitali nzima inaoshwa kwa dawa hii na watu wanatoka wazima. Akasema watu wengi hutoka wazima hata kwa maji matupu, mwili una askari wake. Nikamwambia rangi za kompyuta hazijawahi kuosha hata sahani. Akasema, taratibu, kwa ile sauti ya mama yake, "Sikupingi kwa ubaya."

Hiyo ndiyo iliyoniudhi zaidi. Angepiga kelele ningemjibu.

21 Machi

Hatujasemezana.

22 Machi

Hatujasemezana. Mke wangu anatupakulia sahani kama anayegawa chakula kwa majirani wenye kesi.

26 Machi

Mpwa wangu amerudi kutoka chuoni na visahani viwili vya kuoteshea vijidudu, vyenye mifuniko. Anasema alipaka maji machafu ya sakafu kwenye vyote, kimoja akatia dawa ya vijidudu peke yake, kingine akatia yangu. Cha kwanza ni kitupu. Cha pili kimeota madoa madoa, kama mkate uliosahauliwa.

Nikamwambia huenda alivibadilisha njiani.

"Mjomba, nimeandika juu ya vifuniko."

Nikamwambia kifuniko hubadilika.

Akaviweka mezani, akakaa. Mpwa wangu huyu nilimbeba mgongoni siku mto ulipofurika, nikavuka naye maji yakiwa shingoni. Nikisimulia mimi huwa yalikuwa juu ya kichwa na nilitembea chini kwa chini, lakini shingoni ni kweli. Akasema: "Mama anapasuliwa tarehe saba. Sitaki kukuaibisha. Nenda kwa Matroni wewe mwenyewe, mwambie warudie utaratibu wao wa zamani, sabuni, wasuuze, halafu dawa. Unamuuzia vyote viwili, mbalimbali. Hakuna atakayejua zaidi ya hapo."

Kusema kweli aliniachia mlango mpana. Nikamwahidi.

29 Machi

Nilikwenda. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu njiani, na koti likivuja maji.

Matroni alikuwa na wageni, wakubwa wao waliokuja kukagua, watu wa viatu visivyo na tope hata kwenye mvua hii. Aliponiona akang'aa uso. "Huyu hapa," akawaambia, "ndiye mtaalamu wetu. Ametupunguzia kazi nusu. Usafi wa chumba cha upasuaji, wodi, vitanda, vyote dawa yake moja." Mkubwa mmoja akanipa mkono. Akaniuliza nimesomea wapi. Nikamwambia, "Nimesoma mwenyewe." Akatikisa kichwa kwa heshima, naapa, kwa heshima. Kwa umri wangu huu, ni mara ngapi mtu wa namna ile amenitikisia kichwa namna ile?

Matroni akauliza nilikuwa na shida gani. Nikasema nimepita kusalimia.

Nyumbani mpwa wangu alikuwa amesimama mlangoni. "Umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Amesemaje?"

"Ameshukuru."

Akaniletea taulo. Akanifuta mabega mwenyewe.

2 Aprili

Watu hudhani mimi ni mwongo tu. Mimi ni mwongo mwenye bidii. Nimewaza hivi: kama sabuni nyekundu inakumbatia dawa buluu, basi niongeze buluu mpaka nyekundu iishe. Zitakazobaki hazina mwenza, zitakwenda kukamata vijidudu. Mpwa wangu mwenyewe angenisifu kwa hesabu hiyo, kama ningeweza kumwambia. Nikaongeza dawa, nikaongeza, weupe ukaanza kupungua, nikapeleka madumu.

4 Aprili

Wafanya usafi wameyarudisha. Hakuna povu. Wanasema ni maji yenye harufu, na Povu siku hizi anachakachua. Mmoja wao, mwanamke mnene mwenye ulimi, amesema mbele ya watu langoni: "Umezeeka, au umeanza tamaa?"

Nimerudishia sabuni. Povu limerudi. Weupe umerudi.

7 Aprili

Dada amepasuliwa. Uvimbe umetoka wote, daktari ameridhika. Aliingia kule akitabasamu, akamwambia muuguzi, "Hiki kitanda kimeoshwa na kaka yangu." Nimewaambia wa nje kwamba daktari aliniita ndani kunionesha uvimbe, ulikuwa mkubwa kama papai. Hakuniita. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi nikihesabu vigae vya sakafu, vinavyong'aa.

8 Aprili

Dada ameongea. Ameuliza kama nimekula.

9 Aprili

Mvua kutwa.

11 Aprili

Nianzie wapi.

Asubuhi dada alikuwa na homa. Muuguzi alipofungua bandeji, ngozi kando ya mshono ilikuwa nyekundu, imevimba, inawaka. Usaha ulikuwa unatokea pembeni. Mpwa wangu alitazama. Akatoka kwenda varandani. Mwanamke yule mnene alikuwa anapiga deki, na kwenye ndoo yake kulikuwa na maziwa yangu.

Nilikuwa nyuma ya mpwa wangu. Nilimwona akisimama juu ya ile ndoo kama mtu aliyesimama juu ya kaburi. Akamuuliza mwanamke, "Hamkuambiwa mbadilishe utaratibu?"

"Nani atuambie? Ndiyo hiihii siku zote. Juzi Povu alituletea nyingine haina hata povu, tukamrudishia."

Mpwa wangu akageuka. Nilidhani atanifokea. Alinitazama usoni, kwenye paji, machoni, mdomoni, sehemu moja baada ya nyingine, kana kwamba anapitisha kitu juu yangu na kila mahali anauliza. Sijui alipata rangi gani. Akanipita, akaelekea ofisi ya Matroni, na hakugonga mlango.

Mimi sikuingia. Nilisimama pale varandani, na mwanamke mnene akaniambia ninyanyue miguu apige deki. Nikainyanyua, mmoja baada ya mwingine.

12 Aprili

Matroni ameniita. Mezani visahani viwili. Mpwa wangu kakaa pembeni, mikono kwapani.

"Haya anayosema ni kweli?" Matroni akauliza.

Nikamwambia vijana wa chuo wana vitabu, lakini kazi ni kazi.

"Sikuuliza vijana. Nakuuliza wewe. Ulijua?"

Nikasema kujua kuna namna nyingi.

Matroni ni mama mzima, si mtu wa kelele. Alivua miwani, akaikunja. "Mimi ndiye niliyewaambia wanawake hawa waache kusuuza. Mimi ndiye niliyesema weupe ule ni nguvu. Nilikusadiki wewe kwa sababu ulikuwa huna shaka hata kidogo. Mtu asiye na shaka, baba, nadhani nitamwogopa maisha yangu yote."

Halafu akamuuliza mpwa wangu kama ana hakika kidonda cha mama yake kimetokana na dawa ile. Nikamtazama mpwa wangu. Angeweza kunimaliza palepale.

"Sina hakika," akasema. "Vidonda huoza kwa sababu nyingi. Ninachoweza kuthibitisha ni kwamba dawa haikuwa inaua. Hicho tu."

Nikashika neno hilo kama mtu anayezama anavyoshika ubao. Nikasema, "Umesikia? Hana hakika." Nikatazama kila mmoja. Hakuna aliyenitazama.

Madumu yangu yametolewa nje, yamepangwa ukutani kwenye mvua.

14 Aprili

Kwa kinyozi nimewaambia nimesitisha mkataba mwenyewe, hospitali wananicheleweshea malipo. Na kwamba hata chuo kimekiri hakina hakika. Fundi baiskeli alikuwa anatazama spoki.

17 Aprili

Wamemfungua dada tena. Wamesafisha, wameliacha jeraha wazi lijifunge lenyewe kutoka ndani. Mpwa wangu amehamia hospitali. Kompyuta ameichukua.

18 Aprili

Hakuna ajuaye kama dada atapona.

19 Aprili

Hakuna ajuaye.

23 Aprili

Homa imeshuka kidogo. Nimepika uji mwenyewe nikapeleka. Mpwa wangu akaupokea mlangoni, akashukuru, akafunga mlango.

30 Aprili

Mvua inakatakata. Daktari amesema dada atapona. Ila misuli ya tumbo imeharibika, asiinue kitu kizito tena, maisha yake yote. Dada yangu ni mpishi wa shule ya bweni. Kazi yake ni kuinua sufuria. Sufuria moja ya pale inaingia mtoto mzima.

Dada kasema, "Basi nitakuwa nakoroga, wengine watainua." Hapatakuwa na wengine. Anajua.

Sasa nayaona mambo tofauti na nilivyoyaona mwezi wa tatu. Nilidhani mpwa wangu anataka kunivua nguo hadharani. Kumbe alikuwa amezishika nguo zangu mkononi muda wote ule, ananipa nivae, na mimi nikimwambia zimebadilishwa njiani.

6 Mei

Jua limetoka. Nilikwenda wodini nimeamua. Dada alikuwa ameegemea mto, mwembamba, macho yamekuwa makubwa. Kitanda cha pili kuna mama mmoja aliyevunjika nyonga, mcheshi, mwenye masikio marefu.

Nikakaa. Nikasema, "Dada, nataka nikwambie jambo. Kidonda chako, huenda ni mimi."

"Wewe umefanyaje tena?"

Nikamweleza. Sikutia chumvi hata chembe. Nilimweleza kichwa chekundu na kichwa buluu, jinsi vinavyokumbatiana. Nilimweleza kwamba mwanawe aliniambia, aliniomba, na mimi nikaenda kwa Matroni nikakuta wakubwa, mmoja akanipa mkono, nikameza maneno yote. Nikamweleza nilivyoongeza dawa kwa siri, povu likakatika, yule mnene akaniuliza kama nimezeeka, nikarudishia sabuni. Nikamwambia, "Nilimdanganya mwanao. Akanifuta mabega kwa taulo."

Dada alikuwa ananitazama, mdomo unacheza. Mara akashika tumbo. Nikadhani maumivu. Alikuwa anacheka.

"Kaka," akasema, "usinichekeshe, kidonda kitachanika."

"Ni kweli tupu."

"Najua, najua. Kama lile lori." Akafuta machozi. "Mume wa watu katengeneza dawa, dawa zenyewe zikaoana ndani ya pipa, zikasahau kazi." Akageukia jirani yake. "Unamsikia kaka yangu? Tangu tuko wadogo hivi. Mimi niko hapa nakufa, yeye kaniletea harusi ya sabuni."

Yule mama wa nyonga alikuwa ameshaanza kucheka kabla hajaelewa. "Hebu nami nisikie vizuri. Nani kamwoa nani?"

Miaka yote uongo wangu uliaminiwa, leo nimesema kweli imekuwa kichekesho. Nikamtazama dada. Ilikuwa mara ya kwanza tangu tarehe saba kumwona akicheka. Rangi ilikuwa imerudi mashavuni mwake. Nikasema moyoni niishie hapo, kisha nikaona jinsi wote wawili wamenigeuzia nyuso, wanangoja. Nikaanza upya. Safari hii bwana harusi alikuwa amevaa buluu, na yule mkubwa wa viatu visafi akawa mshenga, na mwanamke mnene akanikimbiza na fagio mpaka langoni.

Katikati ya hapo nikainua macho. Mpwa wangu alikuwa mlangoni na chupa ya chai. Sijui amesimama kwa muda gani. Akaingia, akaweka chupa kwenye kabati, akamnyoosha mama yake shuka. Kiti changu kilikuwa kimemzuia njia ya kutokea.

"Samahani, mzee," akasema. "Naomba nipite."

Hajawahi kuniita mzee. Nikasogeza kiti. Akapita.

Dada hakuona kitu, alikuwa bado amejishika tumbo. "Kaka," akasema, "rudia pale povu lilipokatika."

Nikarudia.